Mama Pointa Anajibu: Hiyo Kumbukumbu ni ya Nani?

Barua za mwezi huu nyingi zimeangukia sehemu moja. Watu wanaandika au wanakagua msimbo wa vitatuzi, yaani zile programu tunazotumia kuisimamisha programu nyingine katikati ya kazi na kuchungulia tumbo lake. Nimefurahi, maana ni kazi isiyo na sifa na haina mteja wa kukupigia makofi. Nimechagua tano. Nimezifupisha na kuondoa majina ya kazini, kwani waandishi wawili wamewataja mabosi wao waziwazi na mimi sitaki kesi.

Shikamoo Mama Pointa. Niko mwaka wa mwisho chuoni, na mradi wangu ni kitatuzi kidogo cha Linux kwa lugha ya C. Kinafanya kazi: kinaweka vituo (mahali pa kuisimamisha programu), kinasoma rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa), kinaonyesha kumbukumbu. Mwenzangu tuliyegawana naye mradi ameikataa fanksheni yangu ya kusoma kumbukumbu, kisa eti "haisomeki". Mimi nasema kusomeka ni suala la ladha, cha msingi ifanye kazi. Nimekuwekea yenyewe. Tuamulie. — Mhitimu Mtarajiwa, Iringa

```c
int soma(pid_t p, long a, char *b, int n)
{
    int i;
    for (i = 0; i < n; i += 8) {
        long d = ptrace(PTRACE_PEEKDATA, p, a + i, 0);
        if (d == -1) return -1;
        memcpy(b + i, &d, 8);
    }
    return 0;
}
```

Marahaba mwanangu. Mwenzako yuko sahihi, ila amekuonea huruma. Angekuambia yote usingelala.

Tuanze na `n`. Mtu akiomba baiti 16, mambo shwari. Akiomba 13, kitanzi chako kinazunguka mara mbili na kila mara kinamwaga baiti nane. Jumla 16. Baiti tatu za ziada zimeandikwa nje ya bafa (eneo la kumbukumbu la kupokelea data) ya aliyekuita, juu ya kitu kingine ambacho wewe hukijui na yeye hajui kuwa kimeguswa. Ndiyo maana unasema "inafanya kazi": kwenye majaribio yako uliomba 8, 16, 64. Siku ya kuonyesha mradi mbele ya mwalimu, mtu ataomba jina la herufi tano.

Sasa hiyo `-1`. `ptrace` ni wito wa Linux unaoruhusu programu moja kuisimamia na kuisoma nyingine; ombi lake la `PTRACE_PEEKDATA` hurudisha data yenyewe kama jibu, na data yenyewe inaweza kuwa baiti nane zote za `0xFF`, ambazo kwa `long` ndiyo `-1`. Mtumiaji akiuliza thamani ya kigeu chake ambacho kwa haki kabisa ni hasi moja, kitatuzi chako kitamwambia kumbukumbu haisomeki. Mwongozo wa ptrace unalieleza hili bila kuficha: safisha `errno` (kigeu ambamo mfumo huandika namba ya kosa) kabla ya kuita, halafu ukague `errno` baada ya kuita, usikague jibu.

Kisha rudi kwa `n`, uangalie aina yake. Ni `int`. Likija hasi, kitanzi hakianzi kabisa, fanksheni inarudisha sifuri, yaani "nimefanikiwa", na bafa imebaki na takataka ilizokuwa nazo. Utaniuliza nani ataleta urefu hasi. Ataleta programu unayoitatua. Hapo ndipo kitatuzi kinapotofautiana na programu nyingine nyingi: kazi yake ni kusoma kumbukumbu ya programu ambayo tayari ina matatizo. Kama isingekuwa na matatizo, usingeifungua. Urefu wa safu, anwani ya maandishi, ukubwa wa muundo, vyote unavichukua kutoka kwa mlengwa (ndiyo hiyo programu unayoitatua) aliyeharibika au kutoka kwenye faili lake. Kitatuzi ni mzee wa baraza anayesikiliza shahidi mlevi. Lazima amsikilize, lakini hawezi kumkabidhi funguo za ofisi.

Tazama wenzetu wa GDB, kitatuzi cha mradi wa GNU, walivyojihami. Kuna mpangilio unaoitwa `max-value-size`. Ukiomba kuonyeshwa kitu ambacho ukubwa wake unazidi hapo, GDB inagoma kukitengea kumbukumbu, na kiwango cha kawaida ni baiti 65,536. Uliwekwa kwa sababu ya mambo kama haya: kuna lugha ambazo ukubwa wa safu unajulikana wakati programu inaendeshwa, na ukisimama kabla kigeu cha ukubwa hakijapewa thamani, kitatuzi kinasoma namba ya ajabu na kwenda kuomba gigabaiti kadhaa. Maandishi nayo yana kikomo, `print elements`, ambacho kwa kawaida ni 200, kwa hiyo herufi ya kufungia ikikosekana GDB haitaendelea kusoma mpaka mwisho wa dunia. Na GDB ikipanda ngazi za staki (rundo la fanksheni zilizoitana) ikakuta fremu mbili (fremu ni rekodi ya mwito mmoja) zinazofanana kabisa, inaacha kupanda na kukuuliza kwenye mabano kama staki imeharibika, tena kwa alama ya kuuliza. Hiyo alama ya kuuliza naipenda kuliko sehemu nyingine zote za programu ile.

Sasa kusomeka. Unasema ni ladha. Basi andika fanksheni ileile hivi:

```c
bool soma_kumbukumbu(pid_t mlengwa, uintptr_t anwani,
                     uint8_t *bafa, size_t urefu)
{
    size_t zimesomwa = 0;
    while (zimesomwa < urefu) {
        errno = 0;
        long neno = ptrace(PTRACE_PEEKDATA, mlengwa,
                           (void *)(anwani + zimesomwa), NULL);
        if (errno != 0)
            return false;
        size_t zilizobaki = urefu - zimesomwa;
        size_t kipande = zilizobaki < sizeof neno
                         ? zilizobaki : sizeof neno;
        memcpy(bafa + zimesomwa, &neno, kipande);
        zimesomwa += kipande;
    }
    return true;
}
```

Imekuwa ndefu zaidi. Lakini msomaji aliyechoka, saa kumi jioni, akifika kwenye `kipande` anajiuliza swali sahihi bila kusukumwa: kipande cha mwisho kikiwa kidogo inakuwaje? Kwenye yako, `i += 8` haimuulizi mtu chochote. Ile 8 imekaa sehemu mbili kama namba ya bahati, na ukihamia mashine ya biti 32 zote mbili zinakuwa uongo. Majina mafupi si dhambi, mimi mwenyewe `i` naitumia kila siku. Dhambi ni herufi nne, `p`, `a`, `b`, `n`, ambapo moja ni anwani iliyo katika programu nyingine na nyingine ni anwani iliyo kwako, na jicho halioni tofauti.

Hapo ongeza kitu. Anwani ya mlengwa isiwe pointa (kigeu kinachobeba anwani ya kumbukumbu) kabisa. GDB ina aina yake, `CORE_ADDR`, na LLDB, kitatuzi cha mradi wa LLVM, ina `lldb::addr_t`. Zote mbili ni namba kamili zisizo na alama ya hasi, kwa makusudi. Namba huwezi kuifungua kwa kinyota; kompaila itakukatalia. Ukiiita pointa, siku moja mtu ataifungua, na badala ya kusoma kumbukumbu ya mlengwa atasoma yake mwenyewe, tena pengine isianguke, impe tu jibu la uongo. Nimetumia `uintptr_t` hapo juu kwa kuwa mradi wako unaendeshwa kwenye mashine moja. Kitatuzi cha biti 32 kinachotazama programu ya biti 64 kingehitaji `uint64_t`.

Kabla hujashangilia: hata hiyo niliyokuandikia ina tundu. Ukiomba baiti tatu za mwisho wa ukurasa wa kumbukumbu, na ukurasa unaofuata haupo, ptrace itajaribu kusoma nane, ishindwe, na wewe utamwambia mtumiaji haisomeki wakati zile tatu zilikuwepo. Dawa ni kuanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa nane na kukata pembeni usichohitaji, au kuachana na ptrace kwa kazi hii na kusoma `/proc/<pid>/mem` (faili linaloonyesha kumbukumbu ya programu hiyo) kwa `pread`, ambayo pia inakuokoa na kupiga hodi kwenye kerneli (kiini cha mfumo) mara 512 kwa kila ukurasa wa baiti 4096. Mwambie mwenzako alitafute hilo tundu kabla hujamwonyesha barua hii. Akiliona, mpe ukaguzi wa mradi wote.

Habari Mama. Kazini Nairobi tunatunza toleo letu la GDB kwa ajili ya bodi tunazotengeneza wenyewe. Mkaguzi wetu amenirudishia kiraka (furushi la mabadiliko ya msimbo) kwa sababu ya mistari mitatu: nanakili jina kwa `xstrdup`, naita `parse_and_eval` inayokokotoa maandishi ya mtumiaji, halafu naachia kwa `xfree`. Ninatenga, ninaachia. Shida iko wapi? Anataka eti nitumie `unique_xmalloc_ptr`. Naona ni mitindo tu ya C++. — Msee wa Viraka

Mdogo wangu, shida iko katikati ya hiyo mistari. Umeangalia wa kwanza na wa tatu.

`parse_and_eval` inaweza isirudi. Mtumiaji akiandika jina la kigeu ambacho hakipo, GDB inaita `error`, na `error` hairudi pale ilipoitwa. Inaruka juu kupita fanksheni zote mpaka pale panapoandikwa ujumbe na kurudisha mtumiaji kwenye mstari wa amri. `xfree` yako imerukwa. Katika programu nyingine ungesema kosa ni jambo la nadra. Kwenye kitatuzi kosa ni maisha: watu wanakosea majina siku nzima, wanaomba anwani zisizokuwepo, na kikao kimoja kinaweza kubaki wazi wiki nzima mezani. Kila kosa linaacha mabaki.

Hii si mitindo, ina historia. GDB ilianzishwa na Richard Stallman mwaka 1986, kwa C. Kule kuruka kulifanywa kwa `longjmp`, ambayo haijali umeacha nini nyuma. Kwa hiyo walibuni utaratibu wao: kila unapotenga kitu unaandikisha "usafi" kwa `make_cleanup`, na ukimaliza unaita `do_cleanups`, na kosa likitokea usafi ulioandikishwa unafanyika. Uliokoa mengi. Lakini msome mtu aliyeandika fanksheni yenye njia tano za kutokea, na usafi mwingine wa kuendeshwa na mwingine wa kutupwa bila kuendeshwa, halafu uniambie kwa kiapo kama njia ya nne iko salama. Mkaguzi alilazimika kuiendesha fanksheni nzima kichwani.

Toleo la 7.12 la mwaka 2016 lilianza kujengwa kwa kompaila ya C++ kama kawaida yake, na toleo la 8.0 la 2017 likafanya C++11 kuwa lazima. Tangu hapo ule utaratibu wa usafi ukaanza kung'olewa faili baada ya faili. Walichonunua kwa kazi yote hiyo ndicho unachokataa wewe: kitu ambacho kikitoka nje ya mabano yake kinajiachia, uwe umetoka kwa `return` au umetupwa nje na kosa. Mistari yako mitatu inakuwa miwili:

```cpp
gdb::unique_xmalloc_ptr<char> jina = make_unique_xstrdup (maandishi);
value *thamani = parse_and_eval (jina.get ());
```

Mkaguzi akisoma mstari wa kwanza amemaliza. Mmiliki anajulikana, muda wake unajulikana. Sihitaji kuutafuta mwisho wa fanksheni. Kwangu mimi usalama na kusomeka vinakutana hapo: msimbo ukinilazimisha kugeuza kurasa tatu ili nijue kumbukumbu hii ni ya nani na mpaka lini, naurudisha, hata kama ni salama kweli. Wa mwakani atakayeongeza `return` katikati hatageuza kurasa tatu.

Nikuonyeshe kisa kigumu zaidi cha hukohuko, maana huko kazini kwenu mtakutana nacho. Fremu. Unamwomba GDB fremu iliyochaguliwa, anakupa pointa. Unaitumia. Kisha unaita kitu kinachoonekana cha kawaida kabisa, kwa mfano kuonyesha thamani kwa umbo zuri, na ndani yake kule chini kuna fanksheni ya mlengwa inayoendeshwa. Mlengwa akishasogea, akiba ya fremu inafutwa yote kwa `reinit_frame_cache`, maana picha ya zamani si kweli tena. Pointa yako bado unayo mkononi. Mstari unaofuata unaitumia.

Kwa macho hilo halionekani, mdogo wangu. Mstari unaochukua fremu uko sawa, unaoitumia uko sawa, na wa katikati hauna hata neno "fremu" ndani yake. Wakaguzi wazuri walilipitia miaka na miaka, hitilafu moja moja zikawa zinazibwa kwa kuichukua fremu upya pale palipolipuka. Mwaka 2022 wakabadilisha aina yenyewe: badala ya pointa tupu wakaweka `frame_info_ptr`, ambayo inajua akiba imefutwa, na baadaye ikafundishwa kuitafuta fremu yake upya kwa kitambulisho. Kiraka kikubwa, kiligusa faili nyingi mno, na ukisema kilikuwa cha kuchosha sitakubishia. Ila angalia uamuzi: walipoona macho yanashindwa mara kwa mara mahali pamoja, waliacha kuyalaumu macho. Kama toleo lenu ni la kabla ya 13, tafuta kila mahali mnapohifadhi `frame_info *` kwenye muundo wa kudumu. Anza na hapo kesho asubuhi, kiraka cha jina kitasubiri.

Mama, nimeijenga programu yangu na AddressSanitizer, chombo cha kunasa makosa ya kumbukumbu. Nikiiendesha kawaida inapita. Nikiiendesha ndani ya GDB inafika mwisho halafu inalalamika kwamba LeakSanitizer, kipande chake cha kutafuta kumbukumbu isiyoachiwa, haifanyi kazi chini ya ptrace. Je, msimbo wangu unavuja? Na kama nina chombo kama hiki, bado nipoteze muda kukagua kwa macho? — Mwenye Haraka, Muscat

La kwanza ni jepesi. Huna uvujaji uliothibitishwa; kipimo hakikufanyika. Kile kipande kinachotafuta uvujaji hujiambatisha chenyewe kwenye programu yako kwa ptrace ili kusimamisha nyuzi zake zote kabla ya kukagua kumbukumbu. Kerneli inaruhusu mfuatiliaji mmoja tu kwa wakati, na kiti hicho GDB amekwishakikalia. Ukiwa ndani ya GDB weka `ASAN_OPTIONS=detect_leaks=0`, na uvujaji upime ukiwa nje.

La pili. Endelea na chombo, tena bila kukiombea ruhusa kwa mtu. AddressSanitizer ilitangazwa 2012, imo kwenye kompaila za Clang na GCC, na inapunguza kasi ya programu kwa takribani mara mbili tu, wakati Valgrind, chombo kingine cha kazi hiyo, huipunguza mara ishirini na zaidi. Inakushika ukitumia kumbukumbu uliyoiachia, inakushika ukivuka bafa. Ile fanksheni ya kijana wa Iringa ingenaswa mara moja, kwa sharti kwamba kuna aliyeomba baiti 13.

Sharti hilo ndilo jibu lako. Chombo kinaona njia iliyopitwa. Kitatuzi kina njia nyingi ambazo majaribio hayazipiti: faili lenye taarifa za utatuzi zilizokatwa katikati, muunganisho wa seva unaokufa wakati wa kusoma, mlengwa anayeuawa kati ya amri mbili. Kwa hiyo nikikagua huwa naziruka njia za mafanikio na kusoma zile za kushindwa kwanza. Njia ya mafanikio mwandishi ameiendesha mara mia. Tawi la `if (!ok)` pengine halijawahi kuendeshwa na binadamu yeyote. Kama unataka kazi ya mchana mmoja yenye faida, chukua faili la programu lililo zima, likate baiti chache mwishoni, badilisha urefu mmojawapo ndani yake uwe namba kubwa ya kijinga, halafu ulifungue kwa kitatuzi chako kilichojengwa na hicho chombo. Usikimbie ofisini ukinuna ukiona matokeo.

Shikamoo mama. Mimi ndiye mdogo kwenye timu na ndiye niliyepewa ukaguzi. Sehemu kubwa iliandikwa na kaka mmoja aliyetutangulia wote. Kiraka chake cha juzi kimepanga upya nafasi, kimebadilisha majina, na kimebadilisha pia namna tunavyoachia bafa, vyote kwa pamoja. Nikiuliza, ananijibu "ndivyo tunavyofanya tangu zamani". Nifanyeje bila kuonekana sina adabu? — Binti wa Kinondoni

Marahaba, binti yangu. Adabu unayo, ndiyo maana umeandika huku badala ya kumjibu kwenye kundi la kazi.

Anza na ukubwa wa kiraka, kwa kuwa hapo huhitaji kubishana na umri wa mtu. Kiraka kinachobadilisha majina kwenye mistari mia nne na kinachobadilisha mmiliki wa bafa kwenye mistari mitatu hakikaguliki, na hata yeye mwenyewe hawezi kukikagua. Mwombe akigawe: majina na nafasi peke yake, ambacho utakipitisha haraka, na ule wa bafa peke yake. Mwandikie hivi: "Shikamoo kaka. Naomba tukigawe mara mbili ili mabadiliko ya bafa yaonekane vizuri kwenye historia. Tukija kupata hitilafu tutaweza kurudisha hicho tu." Hakuna mtu mzima atakayeona matusi hapo.

Kwenye msimbo wenyewe, uliza juu ya mstari na hali, usitoe hukumu. "Hii si salama" inamwalika kujitetea, na anayejitetea hasomi. Andika: "Kaka, nimefuata mstari wa 212. Usomaji ukishindwa tunarudi hapo, na bafa ilitengwa kwenye 198. Kwenye njia hiyo nani anaiachia?" Ama atakuonyesha, na utakuwa umejifunza, ama atanyamaza kidogo na kuleta kiraka kipya. Akikuonyesha, mwombe aandike jibu hilo kama maelezo ya mstari mmoja juu ya fanksheni: bafa inayorudishwa ni ya mwitaji, aiachie kwa kitu fulani. Maana kama wewe umeuliza, na mwingine atauliza. Maelezo ya namna hiyo nayathamini. Yale ya "ongeza moja kwenye i" futa bila huruma.

Na "tangu zamani"? Wakati mwingine ana haki, kuna sababu ambayo haikuandikwa. Muulize ilikuwa nini. Watu waliotangulia hupenda kusimulia, na nusu ya ninayoyajua kuhusu msimbo wa zamani nimeyapata kwa kumnunulia mtu chai na kuuliza "ilianzaje?"

Akiendelea kukataa na hitilafu unaiona kwa macho yako, usigombane kwa maneno. Andika jaribio dogo linaloangusha programu, uliambatishe, umpelekee yeye kwanza kabla ya bosi.

Mama P, mawili ya harakaharaka. Moja: majina ya vigeu tuandike kwa Kiswahili au Kiingereza? Mbili: tukiandika kitatuzi kwa Rust, lugha inayosifika kwa kulinda kumbukumbu, haya yote ya kumbukumbu si yanakwisha? — Ndugu Wawili, Kigoma

Moja: angalia nani atausoma. Mradi wenu wa ndani, timu yote inaongea Kiswahili, andikeni Kiswahili na mtakagua kwa kasi zaidi. Mkitaka mgeni wa mbali achangie, Kiingereza. Kibaya ni mchanganyiko ndani ya fanksheni moja, ambapo `anwani` na `addr` zote zipo na hakuna anayejua kama ni kitu kimoja.

Mbili: yanakwisha mengi. Microsoft walisema mwaka 2019 kwamba takribani asilimia 70 ya udhaifu wa usalama wanaoutolea viraka kila mwaka unatokana na kumbukumbu, na timu ya Chrome ikatoa asilimia kama hiyo mwaka 2020 kwa hitilafu zao nzito. Kwa C na C++ hali ndiyo hiyo, na bafa ya Iringa au fremu ya Nairobi kwenye Rust ya kawaida vingekataliwa au vingesimamishwa pale pale. Kama mnaanza leo kutoka sifuri, anzeni nayo, sina ubishi.

Lakini Rust inalinda kumbukumbu yenu. Ya mlengwa iko nje ya himaya yake. Chukua kituo cha kusimama kwenye mashine za x86: unahifadhi baiti moja ya mlengwa, unaandika `0xCC` mahali pake, na programu ikigonga hapo unairudisha ile ya asili na kurudisha rejista ya maelekezo nyuma kwa moja. Ukisahau kurudisha nyuma, mlengwa anaendelea katikati ya agizo na kufanya mambo ya ajabu. Ukiweka kituo kilekile mara mbili bila kuangalia, mara ya pili utahifadhi `0xCC` ukidhani ndiyo asili, na ya asili imepotea. Kompaila ya Rust itakupongeza kwa vyote hivyo. Hapo mnabaki na jicho la mkaguzi na jina zuri: iteni kigeu `baiti_ya_asili`, na muwe na sehemu moja tu ya msimbo inayoruhusiwa kuiandika.

Kuna kipimo kimoja mkifanye leo jioni. Wekeni kituo mwanzo wa `main`, kisha kiambieni kitatuzi chenu kionyeshe baiti za anwani hiyohiyo. GDB itawaonyesha ya asili, kwa kuwa inakifunika kituo chake inaposoma. Chenu kikiwaonyesha `cc`, basi kila mtumiaji anayesoma msimbo wa mlengwa kupitia chombo chenu anaonyeshwa programu ambayo hakuiandika, na fanksheni ya kusoma kumbukumbu inatakiwa ijue orodha ya vituo kabla ya kurudisha jibu.